Jani Langu Lilikuwa Safi

Mimi ni mtu wa hasira, na hilo niliseme mapema ili usije ukanishangaa mbele ya safari. Mama anasema nilizaliwa nimekunja ngumi. Basi mtu wa namna hiyo, mwenye mdomo wake, aliyesomea lugha mpaka majirani wakamwona ana kasoro, alikaa kwenye kikao cha ukoo kule Ndama, wilayani Karagwe, akipangiwa maisha yake mchana kutwa, na neno alilosema ni moja tu. Alisema asante. Mpaka leo nikikumbuka nasonya.

Nilikuwa nimekuja nyumbani kwa wiki tano. Nilikuwa naandika tasnifu ya uzamivu chuoni Dar es Salaam, na mada yangu ilikuwa kitu ambacho sisi watu wa isimu tunakiita udhibiti. Usiliogope neno. Nikisema "mama anataka kulala," anayelala ni nani? Ni mama. Nikisema "mama alimlazimisha mtoto kulala," anayelala ni mtoto. Lakini hilo neno "kulala" lenyewe halijasema ni la nani. Limekaa pale bila mwenyewe. Mwenyewe yupo, na kila anayesikiliza anamjua, ila hatajwi, na kitenzi kilichotangulia ndicho kinachoamua atakuwa nani. Wataalamu wamegombana miaka na miaka juu ya huyo mtendaji asiyesikika. Mimi nilitaka kujua Kinyambo cha kwetu kinamfanyaje, na mtu wa kumuuliza alikuwa mama, kwa sababu Kinyambo chake hakijachanganywa na shule.

Mama mwenyewe alikuwa ameumia. Msimu uliopita aliteleza kibanjani, yaani kwenye shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba yetu, akavunjika nyonga. Alitibiwa, akarudi, lakini tangu hapo alitembea kwa kushika ukuta, na ukuta ulipoisha alisimama. Baba alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Watoto tuko wawili tu. Kaka yangu ni mtumishi kule Rubwera, kwenye ofisi za wilaya ya Kyerwa, ana mke na watoto na nyumba ya kupanga. Mimi sina mume wala mtoto. Kwa macho ya ukoo, mtu wa aina yangu hana kazi, hata akiwa na shahada tatu.

Wiki ya nne baba mkubwa akaja. Huyu ndiye kaka wa marehemu baba na ndiye msemaji wa ukoo. Alitoka Bugomora kwa bodaboda, koti la suti limekuwa jekundu kwa vumbi, na nyuma yake wazee wengine wawili. Kaka naye akafika na shati lake la ofisini. Nikatandika majani mabichi sebuleni kama inavyotakiwa wakija wakubwa, nikawaamkia, nikakaa pembeni na daftari langu. Mama alikuwa ameegemea mlango wa chumbani kwake.

Baba mkubwa alikohoa, akaanza. Alisema inatakiwa kukaa na huyu mama. Inatakiwa kupalilia, maana kibanja kimeanza kuwa pori na watu wanatucheka. Kukata majani makavu ya migomba. Kuchuma kahawa ikiiva. Kuamka mapema, kuwasha moto, kumpashia mama maji.

Unajua nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa naandika! Nilifurahi, Mungu anisamehe. Kukaa, kupalilia, kukata, kuchuma, kuamka: vitenzi vimepangwa foleni na hakuna hata kimoja chenye mwenyewe. Nikawaza, huu ni ule udhibiti wa tatu, ule wa "kulala mapema ni vizuri," ambapo mtendaji ni mtu yeyote tu. Nikaweka alama ya nyota pembeni.

Halafu nikainua kichwa. Mzee mmoja alikuwa anatazama dari. Mwingine anatazama viatu vyake. Kaka yangu alikuwa ameinamia simu na kidole chake hakiendi popote. Katika chumba kizima hakuna aliyekuwa ananitazama, na hapo ndipo moyo uliponipasuka. Jamani, mwenye vitenzi vyote hivyo nilikuwa mimi.

Nilitaka kusema. Nilijua kabisa cha kusema: kwamba nina tasnifu, kwamba chuo kinanisubiri, kwamba kaka anakaa wilaya ya jirani na ana pikipiki. Lakini ningejibu nini, wakati hakuna aliyeniambia kitu? Baba mkubwa hakusema "wewe utakaa." Angesema hivyo ningempinga, tena kwa sauti. Alisema "kukaa." Nilibaki natafuta pa kushika.

Wakati naendelea kutafuta, mzee mmoja akaniwekea mbele kipande cha jani la mgomba, kisafi, kimefutwa umande. Baba mkubwa akafunua kikapu kidogo cha kamwani, kahawa yetu ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani yenye harufu kisha inaanikwa mpaka inakuwa ngumu. Kila nyumba ya Karagwe ukiingia utapewa, ndiyo karibu yetu. Akanisogezea kwanza mimi, kabla ya wazee wenzake. Nikaona ni heshima ya mgeni aliyetoka mbali. Nikachukua punje, nikatafuna.

Na lile jani? Nilidhani ni la kuwekea maganda. Nilitoka nyumbani nikiwa na miaka kumi na tatu kwenda shule ya bweni, na enzi za baba wanawake hawakukaa kwenye kikao, kwa hiyo sikuwahi kuona. Nikajiambia nisije nikawa mchafu mbele ya wakubwa, nikatema maganda kama mbuzi. Nikameza vyote, maganda na punje, ikanikwaruza koo mpaka machozi yakanilengalenga.

Baba mkubwa akainama, akalitazama jani langu. Akawageukia wenzake. "Jani la binti yetu ni safi," akasema.

Nikaona ananisifu kwa usafi. Ndipo niliposema asante.

Wazee wakaitikia kwa pamoja, kaka akavuta pumzi kama mtu aliyetua gunia, kikapu kikazunguka kwa wengine, na kikao kikaisha. Nilikwenda jikoni kugeuza ndizi nikiwa na hasira, bila hata kujua nimefanya nini.

Wiki tano zikawa miezi minne. Niseme ukweli, ilikuwa jela. Jela yenye maharage na ndizi nzuri, lakini jela. Saa kumi na moja alfajiri nasikia kutoka chumba cha pili, "Moto bado." Mama hanitumi. Mama hajawahi kunituma tangu niwe mtu mzima. Anasema tu "moto bado," au "majani yamekauka," au "kahawa ya kule bondeni imeanza kuiva," na mimi nainuka. Nilikuwa na tasnifu nzima ndani ya kompyuta inayoeleza jinsi mtu anavyoweza kutawala kitenzi cha mwingine, na bado nilikuwa nainuka.

Mlangoni kwetu unaona barabara. Nikiwa kibanjani na kile kisu chenye mpini mrefu cha kukatia majani makavu, niliona basi dogo likipita, nikalifuata kwa macho mpaka migomba ikalificha. Majirani wakipita walinisalimu kwa furaha. "Hongera kwa kumtunza mama!" Mwingine akasema, "Kumbe umerudi moja kwa moja, vizuri, Dar kuna joto." Nilitabasamu. Meno yaliniuma kwa jinsi nilivyoyabana.

Kisha msimamizi wangu wa chuo akaniandikia ujumbe. Alikuwa mtu mpole, kwa hiyo nikajua mambo yameharibika. Alisema nisiporudi kabla ya mwisho wa mwezi jina langu litaondolewa, na yeye hana tena la kunisaidia. Miaka sita ya kusoma. Niliusoma ujumbe ule nimesimama bandani kwenye harufu ya mbolea, nikausoma tena.

Nikampigia kaka. "Njoo ukae na mama wiki sita tu, nikamalize."

"Dada, nina kazi."

"Na mimi nina nini? Nina mchezo?"

"Lakini dada, si ulikubali?"

"Nilikubali lini? Nani alinisikia?"

"Aa, tulikuona sote," akasema, na akaniambia kuna mtu anamwita mezani.

Nikamkatia simu. Nilidhani ni ujinga wake wa kawaida, maana kaka yangu tangu utoto akibanwa huwa anaongea upuuzi. Nikachukua panga, nikaenda kukata mgomba uliokuwa unaegemea choo, na kwa hasira nikakata wa jirani yake, wenye mkungu mchanga kabisa. Ulianguka kwa kishindo.

"Huo ulikuwa na ndizi?" mama akauliza kutoka dirishani.

"Ulikuwa nazo."

"Haya," akasema. "Tutawapa nguruwe wa jirani."

Siku chache baadaye mvua ilinyesha tangu asubuhi. Tulikaa jikoni, mama anachambua maharage kwenye ungo, mimi nikaona bora niokoe walau data. Nikafungua daftari, nikawasha simu irekodi. Tulifanya kwa Kinyambo, hapa naandika kwa Kiswahili.

"Mama, nikisema: baba aliahidi kujenga. Anayejenga ni nani?"

"Baba. Na hakujenga."

"Mama, jibu swali tu. Nikisema: baba alimwomba jirani kujenga?"

"Jirani. Huyo naye mvivu."

Tukaendelea hivyo, nikacheka kidogo, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Halafu nikafika kwenye sentensi ambayo niliiandika zamani, Dar, kabla sijajua chochote. "Ukoo ulimtaka binti kukaa. Anayekaa ni nani?"

Mama akaokota jiwe kwenye maharage, akalitupa. "Binti."

Hasira ikanipanda. Swali lililofuata halikuwemo kwenye daftari. "Na huyo binti, angeweza kukataa?"

Mvua iligonga bati. Mama aliendelea kuchambua, lakini niliona anarudisha mabovu pamoja na mazima.

"Angeweza," akasema.

"Angewezaje? Angeongea nini, na kikao kimeshaamua?"

"Haongei. Anatema." Akaweka ungo chini. "Lile jani, mwanangu. Ukiikubali punje, unaimeza. Ukiikataa, unaitema kwenye jani, unalikunja. Basi, limekwisha, hakuna wa kukuuliza kwa nini. Baba yako alitema mara mbili, walipotaka kumhamishia Bugomora akachunge ng'ombe wa ukoo. Kila mtu anajua."

"Mimi sikujua!"

"Najua hukujua."

Nilimtazama. Sikutaka kuuliza, lakini mimi na mdomo wangu. "Ulijua lini?"

"Siku ileile. Nilikuwa mlangoni. Nilikuona unavyoliangalia lile jani, nikajua huyu hajui ni la nini." Mama hakulia, wala hakuinamisha uso. "Nilikuona unatafuna. Nikasema moyoni, Mungu wangu, ameze."

Simu ilikuwa bado inarekodi. Ninayo sauti ile mpaka leo, na sijawahi kuisikiliza.

Nilitoka nje kwenye mvua. Nilikwenda mpaka mwisho wa kibanja, penye mpaka wetu na shamba la jirani, nikalia kwa sauti kama mtoto. Miezi minne nilikuwa nawalaani wazee watatu na kaka mmoja, kumbe wao walinifungulia mlango na kukaa wakisubiri nitoke. Waliotazama pembeni walikuwa wananipa nafasi. Aliyenifungia ni mama yangu, na alinifungia kwa kunyamaza tu. Nilimchukia. Nisidanganye hapa eti nilimwelewa, sikumwelewa. Nilimchukia mpaka mikono ikawa inauma.

Siku mbili hatukuongea zaidi ya salamu. "Shikamoo mama." "Marahaba." Moto niliuwasha bila kuambiwa, maji nikapasha, nikayaweka nje ya mlango wake. Usiku wa pili nilisikia anahangaika kuinuka kwenda msalani, nikajilazimisha kubaki kitandani, nikahesabu mikono yake ikigusa ukuta mpaka ikarudi. Aibu niliyoipata pale sina mahali pa kuiweka.

Siku ya tatu nilimsikia kwenye simu. Mama hapendi simu, huwa anapiga kelele kana kwamba anaita mtu ng'ambo ya bonde. Alikuwa anasema, "Njoo na kikapu. Nimesema njoo na kikapu. Mimi ndiye ninayekuita."

Baba mkubwa akaja kesho yake mchana, na wazee walewale wawili. Kaka hakuja, alituma salamu. Mara hii mama hakukaa mlangoni. Alitoka chumbani akipapasa ukuta, ukuta ulipoisha akasimama, nikanyanyuka kumshika, akanikatalia kwa mkono. Alivuka sebule peke yake, hatua nne, akakaa katikati ya wanaume.

"Shemeji," akamwambia baba mkubwa, "kile kikapu kirudi kwa huyu mtoto."

"Kikapu hakirudi nyuma, mama. Jani lake lilikuwa safi, sote tuliona."

"Lilikuwa safi kwa sababu hakujua, na mimi nilijua hajui. Mlidhani ninyi ndio mliomtaka akae. Ninyi mlisema tu. Aliyemtaka akae ni mimi. Niliogopa kubaki peke yangu kwenye nyumba hii, nikanyamaza, akameza."

Wazee walitazamana. Yule aliyetazama viatu vyake siku ile akamaka kwa mshangao, "Waitu!"

"Na akiitema, utakaa na nani?" baba mkubwa akauliza.

"Nitakaa," mama akasema.

Baba mkubwa akachomoa kisu, akatoka nje, akarudi na kipande cha jani. Alilifuta kwa kiganja, akaliweka mbele yangu. Akafunua kikapu. Na safari hii alinitazama usoni, akasema waziwazi, mbele za watu, "Binti yetu, wewe unataka kukaa?"

Miezi minne nilikuwa naota mtu aniulize swali hilo. Nilikuwa nimeandaa majibu, mengine yenye matusi. Nikaweka punje mdomoni, nikatafuna, ikaachia uchungu wake wote. Nilimtazama mama. Alikuwa anatazama mikono yangu, na miguu yake ilikuwa inatetemeka kwa zile hatua nne. Nilijua ni nani atakayepapasa ukuta alfajiri. Nilijua moto hautawaka mapema. Nilitamani baba mkubwa aseme neno, anilazimishe, anikataze, chochote, ili jambo lile liwe la mtu mwingine. Alisubiri tu.

Nikatema.

Nililikunja jani kwa vidole vyangu mwenyewe. Wazee wakaitikia kama walivyoitikia mara ya kwanza, sauti ileile. Baba mkubwa akafunika kikapu.

Mama aliinuka. Alikwenda jikoni akishika ukuta, tukamsikia anateka maji mtungini, akarudi na kikombe kimemwagika nusu njiani. Akanipa nisukutue mdomo. Akasimama mbele yangu mpaka nilipomaliza, kisha akalichukua lile jani lililokunjwa kutoka mapajani mwangu.

"Basi lako ni saa ngapi?" akaniuliza.

"Saa kumi na mbili asubuhi."

"Haya. Lala mapema," akasema. "Mimi nitakuamsha."